Polisi wakimleta mgonjwa wa akili: habari gani ziingie hospitalini, siri gani zisitoke

Mwongozo kamili kwa wauguzi, wanasaikolojia, polisi na familia za Lubumbashi

Jeep ya polisi inasimama mbele ya kituo cha afya, tuseme huko Katuba. Wanaume watatu wenye sare wanamshusha mtu mwenye pingu. Mmoja anasema, "Huyu ni fu (kichaa), mumuangalie," pingu zinafunguliwa, jeep inaondoka. Yote hayo hayakuchukua dakika tano. Muuguzi aliyebaki na mgonjwa hajui kama ameanguka na kugonga kichwa, kama amekunywa lutuku (pombe kali ya kienyeji), kama alitetemeka na kujikojolea kabla ya kukamatwa, wala kama amekula tangu juzi. Kesho yake polisi mmoja anarudi: "Docta, tupatie dosie yake yote, shefu anaihitaji." Na mara nyingi anapewa.

Hapo kuna makosa mawili. Siku ya kwanza habari zilizohitajika kwa tiba hazikutolewa. Siku ya pili habari zisizostahili kutoka zilitolewa. Mwongozo huu unafuata kanuni moja: habari za tukio ziende hospitalini zote na mapema, lakini habari za ugonjwa zibaki hospitalini, na zikitoka zipite mlango mmoja tu, wenye karatasi na saini.

Sababu yake ni hii. Polisi aliyemkuta mtu akirusha mawe kwenye magari karibu na soko la Kenya ameona jambo la hadharani. Akimweleza muuguzi alichokiona, hajafichua siri ya mtu, amesaidia tiba. Lakini mgonjwa akimwambia mwanasaikolojia kwamba anasikia sauti, au kwamba aliwahi kujaribu kujinyonga, ameyasema kwa sababu aliamini yataishia pale. Mtaa ukijua kwamba maneno ya chumbani yanafika komisaria (kituo cha polisi), mgonjwa wa pili hatasema kitu, na wa tatu hataletwa kabisa. Familia itamfungia nyumbani, au itampeleka kwenye chumba cha maombi akae huko miezi.

Sheria za kubandika ukutani

Hazizidi karatasi moja. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya 18 Februari 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha. Kifungu cha 18 kinasema mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa. Asizuiliwe na polisi zaidi ya saa 48. Na atendewe kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake ya mwili na ya akili, na heshima yake. Kanuni ya adhabu ya 30 Januari 1940, kifungu cha 73, inamwadhibu anayefichua siri aliyowekewa kwa sababu ya kazi yake: kifungo cha mwezi mmoja hadi miezi sita na faini, au moja tu ya adhabu hizo. Kifungu hicho kina vighairi viwili tu, yaani kuitwa kutoa ushahidi mbele ya haki, na pale ambapo sheria yenyewe inalazimisha siri itolewe. Ombi la shefu wa komisaria kwa mdomo haliingii katika kimojawapo. Mwisho, kuna sheria ya mambo ya dijitali (Code du numérique), ordonnance-loi nambari 23/010 ya 13 Machi 2023, inayolinda data za watu. Hiyo ndiyo inayokuhusu unapopiga picha ya fishi (karatasi ya habari za mgonjwa) kwa simu.

Wengi hudhani siri ni ya daktari peke yake. Kifungu cha 73 hakimtaji daktari tu. Kinamgusa kila anayewekewa siri kwa hali yake au kazi yake. Muuguzi, mwanasaikolojia, mtu wa maabara, karani wa mapokezi, wote wajihesabu ndani. Mlinzi wa lango na mama anayefagia wodi nao wapewe maagizo hayohayo, maana hao ndio polisi huwauliza kwanza.

Hatua ya 1: Polisi waamue kwanza kama kuna kosa au hakuna

Uamuzi huu ufanyike kabla ya kuwasha gari, kwa sababu ndio unaoamua karatasi zote zitakazofuata.

Kama mtu hakutenda kosa, yaani alikuwa akizunguka uchi, akihubiri peke yake usiku, au familia imeomba msaada kumfikisha hospitalini, huyo hakukamatwa. Anasindikizwa. Asiandikwe kwenye rejista ya kasho (mahabusu ya polisi), asifunguliwe PV (hati ya maelezo) ya upelelezi, na asilale kasho "mpaka atulie". Jina likishaingia kwenye rejista ya waliozuiliwa, miaka miwili baadaye mtu anaomba kazi ya ulinzi kwenye kampuni ya madini na mwingine anakumbuka kwamba "alifungwa".

Kama kuna kosa, kwa mfano amemjeruhi jirani kwa panga, saa 48 zinahesabiwa tangu alipozuiliwa, na ugonjwa hauzisimamishi. OPJ (ofisa wa polisi anayepeleleza makosa) amjulishe mwendesha mashtaka mapema kwamba mshukiwa yuko hospitalini. Asisubiri saa ya 47.

Mtoto wa chini ya miaka 18 ana sheria yake, nambari 09/001 ya 10 Januari 2009. Aitwe kikosi cha polisi wa kulinda watoto na kuzuia ukatili wa kijinsia, na jina lake lisitajwe kwenye redio ya polisi.

Pingu: zifungwe mbele ya mwili, na zifunguliwe mara tu hatari inapoisha. Mtu mwenye ghasia asilazwe kifudifudi sakafuni mwa jeep huku watu wamemkalia mgongoni. Pumzi hukatika hivyo, na kimya chake huchukuliwa kuwa ametulia. Muda aliokaa na pingu ni habari ya kitabibu, iandikwe.

Hatua ya 2: Fishi ya kukabidhi, ukurasa mmoja

Komisaria na hospitali wakubaliane fishi moja, ichapwe nakala nyingi, iwekwe ndani ya jeep na mezani mwa mapokezi. Iandikwe nakala mbili kwa karatasi ya kaboni. Ukurasa mmoja unatosha. Ukiweka wa pili, watu wataujaza maoni.

Iwe na mambo haya: tarehe na saa mtu alipokutwa, na saa alipofikishwa, mahali hasa, jina kama linajulikana, la sivyo umri wa kukadiria na nguo, nani aliita polisi, kwa cheo tu (jirani, dada, mwenye duka) bila jina lake, alifanya nini na alisema nini, nguvu gani ilitumika na pingu zilikaa muda gani, dalili za mwili zilizoonekana, yaani damu, jeraha la kichwa, kutetemeka, kutapika, harufu ya pombe, vitu alivyokuwa navyo, hasa vidonge na paketi zake, simu ya ndugu wa karibu, jina, cheo na saini ya polisi, jina na saini ya aliyepokea.

Mstari wa "alifanya nini" ndio unaoharibiwa kila mara. Hivi ndivyo unavyoandikwa vibaya:

"Fu wa siku nyingi, mlevi, hatari sana, anavuta bangi."

Hakuna neno hata moja hapo ambalo daktari anaweza kulifanyia kazi, na yote manne yanaweza kumfuata mtu maisha yake. Andika hivi:

"Saa 8:20 mchana alikuwa katikati ya barabara, akipiga kelele kwamba watu wanataka kumuua. Alirusha mawe mawili, hakumpiga mtu. Alipoanguka aligonga paji la uso kwenye ukingo wa lami. Hakuonekana kutambua mahali alipo. Hatukusikia harufu ya pombe. Pingu dakika 40."

Jeraha la paji la uso pamoja na kutotambua mahali alipo vinaweza kuwa damu inayovuja ndani ya fuvu. Habari kama hiyo inaokoa maisha, na polisi peke yake ndiye aliyeiona.

Yasiyoingia kwenye fishi: makosa ya zamani yasiyohusu hatari ya leo, kabila, dini, chama cha siasa, uvumi wa mtaa, na hali ya VVU hata kama ndugu ameitaja (sheria nambari 08/011 ya 14 Julai 2008 inawalinda wanaoishi na VVU). Kuna habari moja ya zamani inayostahili kusemwa: kama polisi wanajua kwamba mtu huyu aliwahi kushika silaha au kujaribu kujiua akiwa katika hali kama hii, waseme lini na kwa kitu gani. Hiyo inaamua alazwe chumba gani na kamba ya pazia iondolewe au ibaki.

Hatua ya 3: Mapokezi

Anayepokea asome fishi mbele ya polisi kabla hawajaondoka. Aulize palipo tupu. Kuuliza dakika tatu ni rahisi kuliko kumtafuta polisi ambaye zamu yake imekwisha. Kisha wote wawili watie saini na kila upande ubaki na nakala.

Pokea maneno hayo pembeni. Tunaona mara nyingi makabidhiano yakifanyika kwenye baraza, mbele ya akina mama waliokuja kupima watoto uzito, na polisi anasema kwa sauti ya amri. Chumba chenye mlango kinatosha. Kama hakuna chumba, tokeni nyuma ya gari.

Mshukiwa anayelindwa na polisi ni jambo gumu zaidi. Mlinzi akae mahali anapoweza kuona mlango, lakini asisikie maneno. Akisema ni lazima awe ndani, daktari aandike kwenye dosie kwamba mazungumzo yalifanyika mbele ya polisi, na aahirishe maswali ya undani. Asimuulize mgonjwa "kwa nini ulimkata jirani yako?" huku polisi ameegemea ukuta. Jibu hilo litaingia kwenye PV kabla ya dawa kuingia mwilini.

Halafu mwili kwanza. Polisi wakisema "ni kichaa", kila mtu huacha kutafuta kitu kingine, na hapo wagonjwa hufa. Pima joto, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, na oksijeni kama kifaa kipo. Choma kidole: sukari chini ya 70 mg/dl itibiwe papo hapo. Fanya TDR (kipimo cha haraka) ya malaria, kwa sababu malaria ya ubongo humfanya mtu apige kelele na kupigana kama aliyerukwa na akili. Shingo ngumu pamoja na homa, fikiria homa ya uti wa mgongo. Ulimi uliong'atwa na nguo zenye mkojo, fikiria kifafa. Mnywaji aliyeacha pombe ghafla siku mbili au tatu hutetemeka, hutoka jasho na kuona vitu visivyokuwepo. Huyo akiachwa kasho anaweza kufa. Ukimaliza hayo ndipo mpango wa akili uanze, hapo kwenu au kwa kumhamishia Centre Neuropsychiatrique Joseph Guislain (hospitali ya magonjwa ya akili). Akihamishwa, fishi na barua ya uhamisho viende ndani ya bahasha iliyobandikwa. Visishikwe wazi na dereva.

Hatua ya 4: Mwambie mgonjwa, kisha umwombe

Mgonjwa ana haki ya kujua polisi wamesema nini juu yake. Msomee fishi akishatulia kidogo. Mara nyingi husahihisha jambo la maana: "Sikuwa nakimbia watu, nilikuwa nakimbia mbwa." Andika maneno yake pembeni, bila kufuta ya polisi.

Ridhaa ya kutoa habari nje iombwe kwa jambo moja moja: habari gani, kwa nani, kwa sababu gani, mpaka lini. Karatasi ya "nakubali habari zangu zitolewe" isiyo na mipaka usiichape kabisa. Ili ujue kama anaweza kukubali leo, angalia mambo manne: ameelewa ulichosema, anakikumbuka baada ya dakika chache, anaweza kupima faida na hasara, na anaweza kukuambia uamuzi wake kwa njia yoyote. Moja likikosekana, usichukue saini. Rudi kesho, na kesho kutwa. Wengi waliokuwa hawajielewi Jumatatu wanajielewa Alhamisi. Wakati huo wa katikati, toa nje yale tu yanayomfaa yeye mwenyewe, kama kumjulisha mama yake kwamba yuko hai.

Hatua ya 5: Kinachorudi polisi bila karatasi

Ni mambo matatu. La kwanza, kwamba mtu amepokelewa, saa fulani. Hilo tayari liko kwenye saini. La pili, kama yuko chini ya ulinzi, hali inayogusa ulinzi huo tu: "hawezi kuhojiwa leo kwa sababu za kiafya", au "ataruhusiwa kutoka kesho saa nne". La tatu, tahadhari ya usalama kwa wanaomsindikiza: "asiachwe peke yake karibu na dirisha". Jina la ugonjwa, majina ya dawa, alichosema juu ya familia yake, matokeo ya vipimo, hayamo.

Utasikia hoja hii: "Sisi ndio tuliomleta, tuna haki ya kujua." Mleta mgonjwa hajawa mwenye siri yake. Mjibu kwa heshima, wala usimwonyeshe hofu:

"Shefu, asante kwa kumleta, mmemsaidia. Dosie siwezi kuitoa, kifungu cha 73 kitanikamata mimi. Mkiniletea rekizisyo yenye maswali, daktari atayajibu."

(Rekizisyo ni agizo la maandishi la OPJ au mwendesha mashtaka linalomtaka mtaalamu ajibu.) Maneno haya yafanyiwe mazoezi. Mtu wa zamu ya usiku akiyajua kwa moyo hatayumba saa tisa za usiku mbele ya bunduki. Na amri iwe moja kwa wote: usiku hakuna anayetoa karatasi, funguo ziko kwa msimamizi.

Hatua ya 6: Rekizisyo

Katika utaratibu wetu wa kesi za jinai, daktari anayeitwa na OPJ au mwendesha mashtaka kusaidia haki kama mtaalamu hana ruhusa ya kupuuza. Hilo ni kweli, na ndilo linalowatisha wengi mpaka wanatoa kila kitu. Lakini rekizisyo inaomba jibu la mtaalamu, haiombi kabati. Isome polepole.

Angalia nani ametia saini: jina, cheo, ofisi. Angalia mhuri na tarehe. Angalia nambari ya kesi. Karatasi ya parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) huwa na nambari ya RMP, yaani ya rejista ya ofisi hiyo. Angalia jina la mgonjwa, na kama linafanana na la mtu uliye naye. Mwisho angalia swali. Rekizisyo nyingi dhaifu huangukia hapo: zinasema "tuma dosie ya kitabibu ya huyo aliyetajwa" bila kuuliza kitu. Hiyo usiikatae kwa mdomo, wala usiitii. Jibu kwa barua siku hiyohiyo:

"Tumepokea rekizisyo yenu nambari …, ya tarehe …. Dosie ya mgonjwa inalindwa na siri ya kazi, kifungu cha 73 cha kanuni ya adhabu. Tuko tayari kujibu maswali maalumu mtakayotuuliza kupitia daktari mtaalamu. Tafadhali taja maswali hayo."

Swali zuri lina umbo hili: "Je, siku ya tukio mtu huyu alikuwa na ugonjwa wa akili uliomwondolea uwezo wa kuelewa au kutawala matendo yake?" au "Je, anaweza kuhojiwa sasa?" Hayo yanajibika.

Jambo la pili: anayejibu asiwe anayemtibu. Daktari mtibu amepokea maneno kwa ajili ya tiba. Akiyageuza kuwa ripoti ya parke, amemgeuka mgonjwa wake. Mtafute mwenzake. Na huyo mtaalamu, kabla ya kukaa na mgonjwa, aseme wazi: "Mimi sikuja kukutibu. Nimetumwa na parke. Utakayoniambia yanaweza kuandikwa kwenye ripoti. Unaweza kukataa kujibu." Aandike saa aliyosema hayo.

Ripoti iwe fupi, ijibu swali lililoulizwa na iishie hapo. Tofauti ionekane hivi. Kwenye daftari la mtaalamu: "Anasema mjomba alimfanyia vibaya akiwa na miaka 9, sauti zinafanana na ya mjomba." Kwenye ripoti: "Wakati wa uchunguzi alikuwa na dalili za kusikia sauti na imani zisizolingana na hali halisi. Dalili hizo zinalingana na mwenendo ulioelezwa siku ya tukio." Mjomba hayumo, kwa sababu parke haikuuliza juu ya mjomba, na kesho wakili wa upande wa pili atasoma ripoti hiyo kwa sauti mbele ya watu.

Bahasha ifungwe, mhuri upigwe juu ya mfuniko ili ukifunguliwa ujulikane, iandikwe "Siri ya kitabibu" na jina la aliyeomba, lisiwe jina la ofisi tu. Mpelekaji abebe daftari la makabidhiano na arudi na saini. Polisi asiyehusika asiwe tarishi.

Kwa kesi za ubakaji kuna sheria nambari 06/019 ya 20 Julai 2006. Kifungu chake cha 14 bis kinataka daktari na mwanasaikolojia waitwe kuangalia hali ya mwathirika, na kifungu cha 74 bis kinadai usalama, heshima na faragha yake vilindwe. Hapo utaandika juu ya mwathirika, na ulegevu wowote humuumiza mara ya pili. Usiandike maisha yake ya mapenzi ya zamani hata ukiulizwa kijanja.

Polisi wakija kupekua kabati kwa nguvu, usishindane nao mwili. Omba waoneshe agizo, mpigie msimamizi na Ordre des Médecins (baraza la madaktari), andika kila karatasi iliyochukuliwa, na udai bahasha ifungwe mbele yako.

Hatari ya kweli kwa mtu mwingine

Hili ndilo swali gumu la kazi hii. Mgonjwa anayesema "nitawaua wote" akiwa na hasira wodini si sababu ya kuita polisi. Sababu inakuwepo mambo matatu yakikutana: mtu maalumu anayetishiwa, njia maalumu (ana panga, ana petroli), na muda ulio karibu. Yakikutana, kwanza jaribu yaliyo mikononi mwako, yaani kumzuia asitoke, kubadili dawa, kumwita daktari mkuu, kumwonya anayetishiwa. Ikiwa bado hatari ipo, kwa mfano ametoroka, waambie polisi jina, sura, anakoelekea, nani anatishiwa na kwa kitu gani. Utambuzi wa ugonjwa usiutaje. Panga ndilo linalohitaji kuzuiwa. Andika kwenye dosie saa, uliyemwambia, ulichomwambia, na kwa nini njia nyingine hazikutosha. Mistari hiyo ndiyo utetezi wako baadaye.

Simu

Siku hizi siri nyingi zinatoka kwa simu. Polisi anapiga picha ya mtu aliyefungwa, anaitupia kwenye kundi la WhatsApp la komisaria "ili atambuliwe", na kufikia jioni picha iko kwa shemeji yake Kolwezi. Muuguzi anapiga picha ya fishi kumwonyesha daktari, na picha inabaki kwenye simu ambayo mwezi ujao itapelekwa kwa fundi wa skrini.

Kama ni lazima kuuliza ushauri kwa simu, piga na useme. Ukiandika, tumia herufi za kwanza na nambari ya dosie. Zima kuhifadhi picha moja kwa moja kwenye galari, na futa ujumbe ukishajibiwa, kwako na kwa aliyepokea. Kumbuka pia nakala inayopanda yenyewe kwenye akaunti ya intaneti. Mtu asiyejulikana jina atafutiwe ndugu kwa picha ya uso baada ya kuoshwa na kuvaa, bila kutaja hospitali ya akili. Picha hiyo apelekewe shefu wa mtaa mmoja mmoja, isipelekwe kwenye kundi.

Rejista ya mapokezi isiachwe wazi mezani. Weka ubao wa kadibodi wenye dirisha la mstari mmoja juu ya ukurasa, ili anayetia saini asione walio juu yake. Gharama yake ni mkasi na boksi la dawa. Dosie zikae kwenye kabati lenye funguo mbili tu, na daftari la kila karatasi iliyotoka: tarehe, nini, kwa nani, kwa agizo gani, saini.

Kwa familia

Papa, mama, mkiwaita polisi kwa ajili ya mtoto wenu, semeni tangu mwanzo: "Ni mgonjwa, tunaomba asindikizwe hospitalini." Mkisema "ametupiga, mumkamate", mmefungua kesi. Msitie saini PV ambayo hamjasomewa kwa lugha mnayoielewa. Bebeni paketi za dawa anazokunywa na karatasi ya mwisho ya hospitali, mumpe muuguzi mkononi, zisipitie kwa polisi. Mkubali pia jambo moja linalouma: mwenye umri wa mtu mzima akishajielewa, ana haki ya kumwambia daktari asiwaeleze ninyi mambo fulani. Daktari akinyamaza, msimpigie rafiki yenu wa parke.

Siri ikishatoka

Fanya haya siku hiyohiyo. Andika kilichotoka, saa, kwa njia gani, na nani amekiona. Rudisha unachoweza: barua idaiwe, picha ifutwe mbele yako. Badilisha kufuli kama ni kabati. Kisha aambiwe mwenye siri, maana yeye ndiye wa kuamua kama atashtaki.

Mlango wa kushtaki unategemea aliyekosea. Daktari: Ordre des Médecins kwa nidhamu, na parke kwa kifungu cha 73. Muuguzi au karani: parke. Polisi: Inspection Générale ya polisi kwa nidhamu, na kwa kosa la jinai auditorat militaire (ofisi ya mwendesha mashtaka wa kijeshi), kwa sababu kifungu cha 156 cha Katiba kinawaweka polisi chini ya mahakama za kijeshi. Watu hupoteza miezi wakipeleka malalamiko ya polisi kwenye parke ya kiraia na kurudishwa. Na muda ni mfupi: kosa ambalo kifungo chake hakizidi mwaka mmoja hufa baada ya mwaka mmoja kamili, na kifungu cha 73 kiko humo. Barua ipelekwe nakala mbili, moja irudi na mhuri wa kupokelewa.

Kama mgonjwa alisharudi nyumbani Ruashi au Kampemba, mpigie. Simu ikipokelewa na mtu mwingine, usitaje hospitali wala sababu. Sema jina lako tu, uliza atapatikana saa ngapi, na upige tena saa hiyo.